Kabla Hujampa Mdogo Wako Mchezo: Namna ya Kuchagua Moduli za Neverwinter Nights



Likizo inapokaribia, sisi tunaosoma mambo ya kompyuta huanza kupokea maombi kutoka nyumbani. Mama anataka simu yake isafishwe, baba mdogo anataka printa ifanye kazi, na wadogo zetu wanataka tuwawekee mchezo. Maombi mawili ya kwanza tunayafanya kwa makini. La tatu tunalimaliza kwa kuchomeka flashi, kunakili faili na kuondoka. Lakini katika hayo matatu, ni hilo la mwisho tu linaloingiza hadithi ndani ya kichwa cha mtoto na kuiacha humo kwa wiki nyingi.

Katika somo hili nataka tujifunze kumchagulia mtoto mchezo kwa elimu badala ya kubahatisha. Nitatumia mchezo mmoja ninaoufahamu vizuri, Neverwinter Nights, kwa sababu una jambo la pekee: sehemu kubwa ya hadithi zake haikuandikwa na kampuni iliyoutengeneza. Imeandikwa na wachezaji wenyewe. Ukiweza kupima hadithi za mchezo huu, utaweza kupima za mwingine wowote.

Mchezo wenyewe, na kitu kinachoitwa moduli

Neverwinter Nights ulitolewa mwaka 2002 na kampuni ya BioWare ya mji wa Edmonton, Kanada. Ni mchezo wa kuigiza uhusika katika ulimwengu wa njozi. Mchezaji anaunda mtu wake, anampa jina, anamchagulia kazi kama vile askari, mwizi, mwindaji au mganga, kisha anasafiri naye katika miji, misitu na mapango, akizungumza na watu na kupigana na maadui. Kanuni zake zimetoka katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliochapishwa Marekani mwaka 1974, ambao huchezwa kwa karatasi, kete na maneno ya mdomo.

Kwenye mchezo wa mezani kuna mtu mmoja anayesimulia. Yeye ndiye anayewaambia wenzake wamefika wapi, wamekutana na nani, na uamuzi wao umezaa nini. BioWare walitaka kazi hiyo ya msimulizi iwezekane pia kwenye kompyuta, kwa hiyo pamoja na mchezo walitoa programu iitwayo Aurora Toolset. Kwa programu hiyo mtu yeyote mwenye subira anaweza kujenga mji, kuweka watu ndani yake, kuwaandikia mazungumzo na kutunga mkasa mzima. Kazi ikikamilika huhifadhiwa katika faili moja yenye mwisho wa .mod, na hiyo ndiyo inayoitwa moduli. Ukiiweka katika folda ya modules, mchezo utaisoma kama unavyosoma hadithi yake rasmi.

Mwaka 2018 kampuni ya Beamdog, nayo ya Edmonton, ilitoa toleo jipya liitwalo Enhanced Edition, linalofanya kazi kwenye kompyuta za sasa na bado linakuja na Aurora Toolset. Hivyo moduli za miaka ishirini iliyopita bado zinachezwa leo, na mpya zinaendelea kuandikwa. Nyingi zimehifadhiwa katika ghala la mashabiki liitwalo Neverwinter Vault, na hupatikana bure.

Ninasisitiza neno bure, maana ndilo linalotufanya tulegee. Kitu tunachokilipia tunakiuliza maswali, lakini cha bure tunakipokea kwa mikono miwili.

Kwa nini alama ya kwenye boksi haitoshi

Marekani wana chombo kiitwacho ESRB, kilichoanzishwa mwaka 1994, ambacho hupima michezo na kuipa alama ya umri. Neverwinter Nights ulipewa alama T, maana yake unafaa kuanzia miaka 13. Basi jambo la kwanza ni hili: watengenezaji wenyewe hawakuukusudia kwa mtoto wa darasa la tatu. Ukiamua kumwekea mtoto wa chini ya miaka 13, umeamua kukaa naye. Usimwachie peke yake.

Jambo la pili ndilo kiini cha somo. Alama ile iliwekwa juu ya hadithi rasmi, ile iliyokuwa ndani ya boksi. Haikuwekwa juu ya moduli za mashabiki. Hakuna mkaguzi aliyezipitia. Boksi ni lile lile, jina ni lile lile, picha ya kwenye skrini ni ile ile, lakini hadithi iliyo ndani imeandikwa na mtu ambaye hakuna aliyemuuliza lolote.

Na watu hawafanani. Kuna mwalimu aliyewatungia watoto wake safari ya kutafuta mbuzi aliyepotea, na kuna mtu aliyetunga kwa ajili ya watu wazima na kusema hivyo waziwazi. Moduli maarufu iitwayo A Dance with Rogues, kwa mfano, ni ya watu wazima kwelikweli. Ina mambo ya zinaa na udhalilishaji ambayo mtoto hapaswi hata kuyasikia. Mwandishi wake hakuficha. Lakini jina lake ukilisoma haraka linasikika kama hadithi ya ngoma na wezi, na faili yake inakaa katika folda moja na faili nyingine zote. Kwa mtoto anayebofya orodha, ni jina tu kati ya majina.

Tusidhani pia kwamba hadithi rasmi haina neno. Katika mji wa Neverwinter kuna nyumba iitwayo Moonstone Mask, ambayo kwa lugha yetu ni danguro lililopambwa. Kwa hiyo hata kilichopitia mikononi mwa wakaguzi bado kinahitaji macho yako.

Hatua ya kwanza: soma maelezo, lakini yasome kwa akili

Katika ghala, kila moduli huwa na ukurasa wa maelezo. Mwandishi anaeleza kisa kwa ufupi, anataja mhusika anatakiwa awe wa daraja gani, hadithi inachukua saa ngapi, mapigano ni mengi au machache, na mara nyingi anaweka alama ya maudhui: ya watu wote, ya vijana, au ya watu wazima.

Alama hiyo ameiweka yeye mwenyewe, kwa mizani ya nyumbani kwake. Anaposema "ya watu wote", mara nyingi anamaanisha hakuna uchi, hakuna matusi, na damu si nyingi. Hamaanishi kwamba hakuna kibarua cha kumpelekea mtu pipa la bia, wala kwamba shujaa haombwi kupiga magoti mbele ya sanamu. Hayo kwake si mambo ya kuonya. Kwetu ni mambo ya kuuliza. Kwa upande wa pili, "ya watu wazima" wakati mwingine imewekwa kwa sababu kisa kinahusu vita na msiba, jambo ambalo kijana wa miaka 16 anaweza kulisoma na kufaidika. Basi alama ni mlango wa kuingilia, hukumu inakuja baadaye.

Angalia pia mambo haya manne katika maelezo:

1. Daraja la mhusika. Mchezo wa awali una madaraja 1 hadi 20, na nyongeza iitwayo Hordes of the Underdark ilifikisha 40. Mtoto anayeanza apewe moduli ya daraja la 1. Ukimpa ya daraja la 12 atakufa kila dakika mbili na atajifunza hasira tu.

2. Urefu. Moduli ya saa mbili au tatu inamalizika Jumamosi moja. Ya saa arobaini itaila likizo yote.

3. Faili za ziada. Moduli nyingine zinahitaji faili ziitwazo hak, zenye sura mpya za watu, mavazi na majengo. Humo ndimo wengine hupenyeza mavazi ya aibu. Moduli isiyohitaji hak inatumia picha za kampuni tu, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mkaguzi.

4. Maoni ya waliocheza. Tafuta wanaoeleza kilichotokea. Anayesema "nzuri sana" hajakuambia kitu. Anayesema "nusu ya pili inatisha, mwanangu aliacha" amekufanyia kazi.

Hatua ya pili: fungua moduli uisome kama kitabu

Hapa ndipo mchezo huu unapoishinda michezo mingi. Moduli nyingi za mashabiki zinafunguka katika Aurora Toolset, ile ile programu iliyoziunda. Huna haja ya kucheza saa kumi ili kujua kilicho mwishoni. Unaweza kuisoma kabla.

Fungua programu, chagua moduli, na upande wa kushoto utaona makundi matatu: maeneo, mazungumzo na skripti. Anza na mazungumzo. Kila mazungumzo yamepangwa kama mti: maneno ya mtu wa mchezo yako kwa rangi nyekundu, na majibu anayoweza kuchagua mchezaji yako kwa buluu. Soma ya buluu kwa makini kuliko nyekundu. Nyekundu inakuonyesha dunia ilivyo, lakini buluu ndiyo maneno ambayo mtoto wako ataambiwa ayachague yawe yake. Mhusika mwovu akitukana, mtoto anajifunza kwamba waovu hutukana. Ila majibu yote matatu aliyopewa mchezaji yakiwa ni matusi, mtoto amenyang'anywa njia ya adabu.

Kisha pitia jarida la mchezaji, yaani orodha ya kazi anazopewa. Utaipata kwenye menyu ya zana. Jarida ni muhtasari wa hadithi nzima, na kwa nusu saa utakuwa umejua anatumwa nini, na nani, na mwisho wake ni nini.

Usisahau maelezo ya vitu. Vitabu, barua na shajara zilizoachwa ndani ya masanduku huwa na maandishi marefu, na baadhi ya waandishi huweka humo mambo mazito kuliko ya kwenye mazungumzo. Pia maneno machache hufichwa ndani ya skripti, ambako mtu huyasema bila mazungumzo kufunguka. Skripti ni maandishi ya programu yanayofanana na lugha ya C. Aliyesoma mwaka wa kwanza wa kompyuta atazielewa vya kutosha. Asiyesoma atazame tu maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu.

Hatua ya tatu: cheza mwenyewe, upite milango mitatu

Kusoma peke yake hakukuonyeshi kila kitu. Muziki, giza, na jambo linavyotokea ghafla havionekani katika mti wa mazungumzo. Kwa hiyo cheza saa moja. Ukiwa na muda mdogo, mimi huwa napita milango mitatu, na mara nyingi inanitosha kumjua mwandishi.

Mlango wa kwanza ni nyumba ya wageni. Karibu kila hadithi ya njozi ina mahali ambapo wasafiri hunywa na kupumzika. Tazama wanawake walioko humo wameandikwa vipi. Je, yuko mama mwenye nyumba anayejua habari za mji, au wote wapo kwa ajili ya kutazamwa? Je, mlevi ni kichekesho, ni msiba, au ni shujaa? Mwandishi hufunua tabia yake katika chumba hiki bila kujua.

Mlango wa pili ni hekalu, na nitalizungumzia peke yake hapa chini.

Mlango wa tatu ni chumba cha adui mkuu. Tumia Aurora Toolset kujua kilipo. Kuna waandishi wanaoweka humo mtu mwovu na mlango uliofungwa, basi. Wengine hujaza miili iliyokatwakatwa, vifaa vya mateso na wafungwa wanaolia. Ikiwa ya pili ndiyo uliyoikuta, moduli hiyo ina daraja la umri ambalo alama yake haikulisema.

Hatua ya nne: uliza moduli inalipa nini

Hili ndilo swali ninaloliona kubwa kuliko la damu. Mchezo hufundisha kwa malipo. Mchezaji hupewa alama za uzoefu na dhahabu, naye haraka hujua ni tendo gani linaleta zaidi.

Chukua mfano wa kubuni. Shujaa amemkuta mtoto sokoni ameiba mkate, na mwenye duka amemshika. Mwandishi wa kwanza ameweka njia nne: lipa mkate, mwombee msamaha, mpeleke kwa askari, au mpige mwenye duka umwibie naye. Kila njia ina matokeo. Ukilipa, baadaye mtoto yule anakuonyesha njia ya siri. Ukimpiga mwenye duka, mji mzima unakufungia milango. Mwandishi wa pili ameweka njia zile zile, lakini ya kupiga inakupa alama 200 na upanga, na nyingine zinakupa asante. Moduli hizi mbili zina damu sawa. Hazina somo sawa.

Mchezo huu una chombo cha kukusaidia. Kila mhusika ana kipimo cha wema na uovu, na kingine cha utii wa sheria na ukaidi, kila kimoja kikienda kutoka 0 hadi 100. Mwandishi anaweza kukisogeza kulingana na uamuzi wa mchezaji. Katika skripti, tazama kama mwandishi amekitumia. Aliyekitumia kwa uangalifu amefikiri kwamba matendo yana uzito. Asiyekitumia kabisa huenda ametengeneza uwanja wa kukata mafuvu tu. Hilo nalo si lazima liwe baya kwa mchana mmoja, lakini usiliite hadithi.

Na ujue kwamba hadithi nzuri si lazima iwe laini. Katika kisa rasmi, kasisi mmoja aitwaye Fenthick anadanganywa na msaliti aliyemwamini. Mji umekwisha teseka kwa tauni, watu wanataka wa kumlipiza, na Fenthick anahukumiwa kunyongwa. Nilikuwa nimekaa na mpwa wangu, mwenye miaka 13, tulipofika hapo. Aliacha kubofya akaniuliza, "Mjomba, si alidanganywa? Mbona wanamnyonga na yeye?" Tulizungumza kuhusu hakimu na umati, kuhusu ushahidi, na kuhusu tofauti ya mkosa na mzembe. Jioni ile alimuuliza babu yake swali lile lile kwa maneno mengine, na mazungumzo yakaendelea bila kompyuta. Baadaye katika kisa, Aribeth, mchumba wa Fenthick, anageuka upande wa adui kwa uchungu wa dhulma ile, na kijana akaona pia kwamba kudhulumiwa hakumhalalishii mtu kudhulumu. Tukio lile lina huzuni. Lakini linasema kweli kuhusu dhulma, na mtu mzima alikuwepo pembeni. Kama angekuwa na miaka 8, au angekuwa peke yake, ningesema vingine.

Mambo yanayotugusa sisi: uchawi na miungu

Msomaji ananingojea hapa. Ulimwengu wa mchezo huu una miungu mingi ya kubuni, kama Tyr na Helm, na una watu wanaotumia uchawi. Hukumu ya kifiqhi ya jambo hili si kazi ya mwanafunzi wa kompyuta. Waulizwe masheikh wetu, na ukiambiwa hapana, basi hapana. Kuna nyumba ambazo mchezo wenye mambo haya hauingii kabisa, na mwenye nyumba ana haki yake. Mimi ninachoweza ni kueleza mchezo unavyofanya kazi, ili anayeuliza aulize kwa usahihi na anayejibu ajibu juu ya kitu anachokijua.

Kwanza, wakati wa kuunda mhusika kuna nafasi ya kuandika jina la mungu wake. Ni nafasi ya kuandika tu, inaweza kuachwa wazi, na mchezo utaendelea kama kawaida. Pili, si kila kazi inahusu uchawi. Askari anatumia upanga na ngao mwanzo hadi mwisho. Tatu, na hili ndilo muhimu, moduli zinatofautiana sana. Katika nyingine hekalu ni jengo tu la kutibiwa majeraha. Katika nyingine mchezaji anatakiwa asali, atoe sadaka kwenye madhabahu au ale kiapo, la sivyo hadithi haisogei. Nyingine hazina hekalu hata moja. Ukifungua mazungumzo utajua ndani ya dakika kumi uko na ipi.

Mtoto mdogo hatenganishi vizuri kati ya kubuni na kuamini. Kijana wa miaka 15 anatenganisha, hasa ukimwambia wazi kwamba haya ni mambo waliyoyatunga watu kwa ajili ya kisa. Usinyamaze ukidhani atajua mwenyewe. Mwambie.

Mbele ya skrini

Moduli ikishapita mizani, bado kuna kazi. Haya ndiyo ninayoyashauri:

Weka moduli uliyoipitia peke yake katika folda. Nyingine zote ziondoe. Orodha yenye jina moja haina mtego.

Zuia kucheza na wageni kupitia intaneti. Mchezo unaruhusu watu wengi kuingia katika seva moja, na humo hakuna anayejua anayezungumza na mtoto ni nani. Lakini unaweza kucheza naye ndani ya nyumba kwa kuunganisha kompyuta mbili bila intaneti, kila moja ikiwa na nakala yake halali. Kuna hata nafasi ya msimamizi wa mchezo, ambaye anaingia akiwa msimulizi: anamponya mchezaji, anawasemesha watu wa mji kwa maneno yake, anaongeza au kupunguza maadui. Kaka au dada mkubwa akikaa kwenye nafasi hiyo, hadithi inarudi ilikotoka, yaani kwa msimulizi anayewajua wanaomsikiliza.

Punguza ugumu katika mipangilio. Kuna ngazi tano, na ile rahisi kuliko zote inapunguza madhara anayopata mchezaji. Mtoto anayeanza hana aibu ya kuitumia.

Mfundishe kitufe cha nafasi. Anapocheza peke yake, kitufe hicho kinasimamisha kila kitu papo hapo, na mchezo unaweza kuhifadhiwa karibu wakati wowote. Kwa hiyo adhana ikisikika, au mama akiita, hakuna anayeweza kusema "ngoja nimalize, haisimami". Inasimama. Mweleze hilo tangu siku ya kwanza, mbele ya mama yake.

Je, tunaruhusiwa kukata tusichokipenda?

Mara nyingine moduli ni nzuri isipokuwa chumba kimoja. Kwa Aurora Toolset unaweza kufuta mazungumzo hayo, kufunga mlango ule na kuhifadhi nakala. Kwa matumizi ya nyumbani sioni tatizo, ila ukishabadili, ijaribu mwanzo hadi mwisho, maana kufuta mtu mmoja kunaweza kukata uzi wa hadithi nzima na mtoto akakwama. Kuisambaza nakala hiyo kwa wengine ni jambo jingine. Ile ni jasho la mtu, aliitoa bure kwa jina lake. Mwandikie umwombe ruhusa kwanza.

Na ipo njia bora zaidi. Aliyepitia mazungumzo ya moduli tano kwa macho ya mkaguzi tayari anajua jinsi moduli inavyojengwa. Hatushindwi kuandika yetu: kijiji kimoja, watu sita, kisima kilichokauka, na mtoto anayetakiwa kujua nani ameziba chemchemi na kwa nini. Watoto wetu wanacheza hadithi za Kanada na Marekani kwa sababu huko ndiko walikoketi watu wakaandika.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Chagueni moduli moja na mgawane: mmoja asome maelezo, mwingine afungue mazungumzo, wa tatu acheze saa moja. Je, mmefikia uamuzi mmoja? Kama sivyo, nani ameona kilichofichika kwa wenzake?

2. Katika mfano wa mtoto na mkate, andikeni njia ya tano na matokeo yake.

3. Mzazi anakuuliza, "Huo mchezo una nini ndani?" Mjibu kwa sentensi tatu, bila neno hata moja la kitaalamu.

Swali hilo la tatu lifanyeni kwa sauti. Wazazi wetu hawatafungua Aurora Toolset. Wanatutegemea sisi, na hiyo ni amana. Ukishindwa kujibu kwa sentensi tatu, mchezo huo haujawa tayari kuwekwa.